Wachezaji wa Arsenal: Nani Achaguliwe Kwanza?



Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limeleta ubishi mwingi katika bweni letu, hata watu wawili waliokuwa wakila sahani moja wakakaa juma zima bila kusemezana. Jambo lenyewe ni hili: katika drafti ya mpira, ni mchezaji gani wa Arsenal anayestahili kuchaguliwa kwanza? Wengi husema Saka. Mimi nasema hapana. Nasema mtu anayetaka kitu kutoka Arsenal aanze nyuma, kwa mabeki, na wa kwanza wao awe Gabriel Magalhães, ndipo atazame mbele.

Kwa faida ya wakubwa zetu mliomaliza hapa zamani, ambao mkisikia neno drafti hufikiri ubao na kete chini ya mwembe, nieleze kidogo. Siku hizi kuna mchezo uitwao fantasi. Mtu hukusanya wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza, kwa majina tu, na kila juma hupata pointi kwa kadiri wachezaji hao walivyocheza kweli uwanjani. Mchezaji akifunga bao, mwenye timu hupata. Akionyeshwa kadi ya njano, mwenye timu hupunguziwa. Mamilioni ya watu ulimwenguni huucheza, na katika Kampala hii usishangae kumkuta kondakta wa taksi akimlaumu beki aliyeko London kwa kumkosesha pointi 4. Fantasi ya kawaida ni kama soko la Owino: kila mtu ana fedha za mfano zilizo sawa, watu elfu waweza kumnunua mchezaji yule yule siku moja, na juma lijalo wakamwuza. Drafti ni mchezo mwingine. Hakuna fedha za mfano. Watu huketi pamoja, hupiga kura ya kupanga zamu, na kila mmoja huchagua mchezaji mmoja zamu yake ifikapo. Aliyekwisha kuchaguliwa ni wa mwenyewe peke yake. Wala hakuna nahodha wa kuzidishiwa pointi mara mbili, kama ilivyo katika ile ya kawaida.

Sisi tu watu 8. Twacheza kwa daftari, maana simu haziruhusiwi bwenini. Matokeo twayapata kwa redio na kwa magazeti ya maktaba siku ya Jumatatu, na mwanafunzi mmoja wa kutwa hutuletea hesabu ya pointi aliyoinakili nyumbani. Watu 8 mara wachezaji 15 ni wachezaji 120: golikipa 16, mabeki 40, viungo 40 na mafowadi 24. (Wakubwa zetu wasemao senta-hafu na insaidi watuwie radhi, viungo ndio wao wote wa katikati, na siku hizi hata winga huhesabiwa humo.) Zamu huenda na kurudi. Aliyechagua wa 1 hachagui tena mpaka nafasi ya 16, kisha ya 17 papo hapo. Katikati ya 1 na 16 wamekwisha kuondoka watu 14 mbele ya macho yake, na hana la kufanya ila kuyafuta majina katika karatasi yake.

Hatuchezi kwa fedha. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 yamkataza kamari mtu asiyetimiza miaka 25, na mimi ninayo 19. Walakini hata pasipo sheria, sioni ladha yake. Katika kamari mtu huweka shilingi 2,000 akangoja, na mwamuzi akipiga filimbi ya mwisho hana alichojifunza. Katika drafti mtu hukaa miezi tisa na watu wale wale 15, akawajua magoti yao na mapaja yao kama awajuavyo ndugu zake. Adhabu yetu ni moja tu: anayeshika mkia mwisho wa muhula hufagia bweni juma zima.

Tena kuna jambo ambalo limenifanya nishike kalamu. Twachagua mwezi wa Agosti, katika juma la mwisho la muhula wa pili, ligi inapoanza. Lakini ligi ya Uingereza haiishi mpaka Mei, na sisi wa kidato cha 6 tukifika Novemba twaweka daftari kando kwa ajili ya mitihani, kisha twaondoka moja kwa moja. Kwa hiyo desturi yetu ni kurithisha timu. Kila wa kidato cha 6 humpa timu yake ndugu mmoja wa kidato cha 5, naye huimalizia. Mtu anayechagua kwa pupa mwezi wa Agosti hafagii yeye. Huenda akafagia mdogo wake mwezi wa Machi. Basi si haki kuchagua kama mtu anayejichagulia mwenyewe tu.

Sasa tuje kwa Arsenal. Kwa nini Arsenal, na siyo Liverpool au Manchester City? Kwa sababu hapa kwetu mapenzi ya Arsenal yamezidi akili. Mnakumbuka Januari 2023, Arsenal walipowafunga Manchester United 3–2, mashabiki wa Jinja wakatoka barabarani wakiwa na kikombe cha kujitengenezea, na polisi wakawakamata kwa kufanya maandamano bila kibali. Kikombe chenyewe hakikuwapo! Msimu ule Arsenal walimaliza wa pili; na uliofuata wa pili; na wa 2024/25 wa pili tena. Mapenzi ya namna hiyo yafaa katika kibanda cha kutazamia mpira. Katika drafti ni hasara, maana mwenye mapenzi husimama zamu yake ya kwanza akataja jina alilolivaa mgongoni.

Natoa hesabu. Katika mchezo huu mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi hupata pointi 2. Fowadi akifunga bao hupata 4, kiungo 5, beki 6. Pasi ya bao ni 3 kwa yeyote. Na timu isipofungwa, beki na golikipa hupata 4 kila mmoja, kiungo 1, fowadi hapati kitu. Litazameni jambo hili vizuri. Fowadi aliyefunga bao moja ana 2 na 4, yaani 6. Beki ambaye timu yake haikufungwa ana 2 na 4, yaani 6. Kumbe beki aliyesimama tu mahali pake na kuzuia ni sawa na fowadi aliyefunga, na magazeti hayatoi picha yake.

Je, Arsenal huzuia au hufunga? Msimu wa 2023/24 walifanya yote mawili: mabao 91, na mechi 18 za ligi bila kufungwa. William Saliba alicheza mechi zote 38, kila dakika. Pointi za kuwapo uwanjani ni 76, za kutofungwa ni 72. Jumla 148, kabla ya kuhesabu mabao yake na kutoa makato. Ili fowadi apate hizo 72 kwa mabao yampasa afunge 18, na katika Arsenal msimu ule hakuna aliyefikia hapo. Saka ndiye aliyekuwa juu kwa mabao 16. Msimu wa 2024/25 mambo yalikuwa wazi zaidi. Arsenal walifungwa mabao 34, machache kuliko timu yoyote ya ligi, na David Raya alimaliza mechi 13 bila kufungwa. Mbele kulikuwaje? Mfungaji wao mkuu katika ligi alikuwa Kai Havertz, kwa mabao 9. Tisa! Tisa mara 4 ni 36. Kumi na tatu mara 4 ni 52. Nani basi aliyekuwa mfungaji?

Lakini hesabu hii si hoja yangu kubwa. Hoja yangu kubwa ni kwamba pointi za beki hurithiwa, na pointi za mshambuliaji huondoka naye.

Chukueni habari ya Saka mwenyewe. Kufikia Desemba 2024 alikwisha kutoa pasi 10 za mabao katika ligi, na msimu ulikuwa haujafika nusu. Tarehe 21 ya mwezi huo, katika mechi na Crystal Palace, akashika nyuma ya paja. Akapasuliwa, akakaa nje mpaka tarehe 1 Aprili 2025. Zile pasi zake ziliendea nani? Hazikumwendea mtu. Hakuna winga aliyeingia mahali pake akatoa pasi 10 nyingine. Mwenye Saka katika drafti alikaa na jina tupu miezi mitatu, na katika mabaki ya watu wasiochaguliwa hakukuwa na kitu cha kuokota, maana 120 wamekwisha kwenda.

Siku hiyo hiyo ya 1 Aprili, Saka aliporudi na kufunga dhidi ya Fulham, Gabriel naye aliumia nyuma ya paja akawa amemaliza msimu. Wenzangu hupenda kunitajia habari hii wakidhani wamenishinda. Kwa kweli yanisaidia. Gabriel alipotoka, aliingia Jakub Kiwior, Mpoland ambaye hakuna aliyekuwa akimtaka. Alikuta ukuta ule ule, Raya nyuma yake, Saliba ubavuni, Rice mbele. Mechi isiyofungwa ilimpa 4 zile zile ambazo ingempa Gabriel. Hata bao alifunga, tarehe 23 Aprili walipotoka 2–2 na Crystal Palace. Mwenye Gabriel mwenye macho alikwenda katika mabaki akamwokota Kiwior bila gharama yoyote. Mwenye Saka angemwokota nani?

Tena tukaliona jambo hilo Agosti 2025. Saliba alitoka mapema katika mechi na Liverpool kwa kuumia kifundo, akaingia kijana Cristhian Mosquera aliyekuwa ametoka Valencia majira yale yale. Ukuta haukuanguka; Arsenal walishindwa kwa mpira wa adhabu wa mbali tu. Kufikia mwanzo wa Novemba walikuwa wamefungwa mabao 3 tu katika mechi 10 za ligi.

Basi mtu anayemchagua beki wa Arsenal hamchagui mtu peke yake. Achagua nafasi, kama mtu anayenunua kiwanja: nyumba ikiungua, kiwanja kipo. Na mtu atakayeirithi timu yangu Desemba afadhali arithi kiwanja.

Kuna wanaonipinga kwa hoja nzuri, nao sitaki kuwapita. Wasema hivi: tangu msimu wa 2025/26 imewekwa kanuni mpya, beki akiondosha, akizuia, akinasa na kunyang'anya mipira jumla mara 10 katika mechi moja hupata pointi 2 zaidi. Kanuni hii, wasema, yawafaa mabeki wa timu zinazoshambuliwa, kama James Tarkowski wa Everton, ambao kutwa kucha wapiga mipira kwa vichwa. Arsenal hukaa na mpira, hivyo mabeki wao hawana mengi ya kuondosha. Kwa hiyo tofauti kati ya beki wa Arsenal na beki wa kawaida imepungua, na ya nini kumwahi?

Ni kweli imepungua. Haikwisha. Mbili si nne. Beki wa timu dhaifu hupata hizo 2 kwa kazi ya punda na huku timu yake yafungwa mabao 2, na kila mabao 2 humkata pointi 1. Tena Gabriel hayumo katika hesabu hiyo ya mabeki wa Arsenal wasio na kazi, kwa sababu mipira mirefu ya juu yote ni yake.

Na Gabriel hufunga. Hapa ndipo anapowapita wenzake. Tangu Nicolas Jover alipokuja Arsenal mwaka 2021 kufundisha mipira iliyosimama, kona ya Arsenal imekuwa kama penalti ndogo. Wote hukusanyika nguzo ya mbali, kisha hukimbilia golini kwa pamoja kama watu wanaokimbilia lori la posho, na katikati yao kuna kichwa cha Gabriel. Septemba 2024 aliwafunga Tottenham kwao, 1–0. Hesabuni: 2 za kucheza, 4 za kutofungwa, 6 za bao, jumla 12, bila kutaja za nyongeza. Juma lililofuata akawafunga Manchester City kwao. Septemba 2025, dakika za majeruhi huko Newcastle, kichwa chake tena, 2–1. Fowadi ambaye angepata 12 kwa mechi ingempasa afunge mawili na kutoa pasi juu yake, maana mawili peke yake yasingetosha.

Saliba ni beki mzuri kuliko Gabriel, kama ulizo ni mpira. Ana utulivu wa mwalimu mkuu. Lakini ulizo letu ni pointi, na Saliba hafungi sana; mabao 2 kwa msimu ndiyo kawaida yake. Achaguliwe, lakini baadaye. Jurriën Timber mimi nampenda kuliko wengi wanavyompenda, maana hupanda mbele. Alifunga mawili walipowapiga Leeds 5–0 Agosti 2025, na kwa beki mabao 2 ni pointi 12. Goti lake liliharibika Agosti 2023 akakosa karibu msimu wote, na huyo asiyesahau goti la mtu hatamwahi. Ben White ni funzo kwa wote. Msimu wa 2023/24 alikuwa beki mwenye pointi nyingi kupita wote katika fantasi, 182. Msimu uliofuata goti likapasuliwa na nafasi ikachukuliwa na Timber. Bado kuna watu wanaomchagua White kwa heshima ya zile 182. Riccardo Calafiori ana bao la ushindi kule Manchester United la Agosti 2025, na ana majeraha mengi. Mwenye moyo amchukue mwishoni.

Raya je? Huyu nasema asiahiwe, ingawa ni golikipa hodari, na glavu ya dhahabu aliipata msimu wa 2023/24, akaipata tena 2024/25 kwa kugawana na Matz Sels wa Nottingham Forest. Sababu ni mbili. Golikipa tunaowahitaji ni 16, na timu za ligi ni 20. Hata atakayechagua mwisho kabisa atapata golikipa anayecheza. Pili, golikipa hupata pointi 1 kwa kila mipira 3 aliyookoa, na golikipa wa Arsenal hapigiwi mipira mingi. Ana usingizi wa lango. Wa timu dhaifu atafungwa, lakini ataokoa mipira saba. Raya achaguliwe katikati, mtu akiwa na mabeki wake tayari.

Sasa mbele. Sitaki ieleweke kwamba namdharau Saka. Mechi kwa mechi, akiwa mzima, hana mwenziwe katika timu ile: hufunga, hutoa pasi, hupiga penalti, na kona za upande wa kulia ni zake. Kama tungekuwa katika fantasi ya kawaida, ambamo mtu humwuza mgonjwa Jumatatu na kumnunua mzima Jumanne, ningemtaja wa kwanza bila kufikiri. Lakini paja lililopasuliwa Desemba 2024 ni moja, na Agosti 2025 katika mechi ile ile ya Leeds akashika tena, paja la pili. Anayemchagua katika zamu ya kwanza, akiwaacha watu kama Haaland, amefanya ushabiki. Akibaki mpaka zamu ya pili kumalizika, hapo mchukue na umshukuru Mungu.

Declan Rice ndiye ninayemweka baada ya Gabriel, kabla ya Saka, na najua nitapigiwa kelele. Rice ni mahudhurio. Mechi 38 msimu wa 2023/24, na 35 uliofuata. Mabao 7 na pasi 8 katika ule wa kwanza, mabao 4 na pasi 7 katika wa pili. Si moto mkubwa, lakini jiko haliziki. Hupiga kona na mipira ya adhabu, na ile kanuni mpya yamfaa, ingawa kiungo hutakiwa afikishe 12, maana kwake huhesabiwa pia mipira iliyookotwa. Ila nawaonya jambo moja juu ya Rice. Usiku wa tarehe 8 Aprili 2025 alipiga mipira miwili ya adhabu ikaingia katika lango la Real Madrid, na Arsenal wakashinda 3–0. Tangu usiku ule bei yake katika midomo ya watu imepanda mara tatu. Je, mwajua alipata pointi ngapi za fantasi? Sifuri. Mechi za Ulaya hazihesabiwi. Mchagueni Rice kwa ajili ya Jumamosi zile za mvua dhidi ya Everton na Wolves, siyo kwa ajili ya Real Madrid.

Martin Ødegaard ni nahodha, na watu wa bweni letu humwita profesa. Tazameni mabao yake ya ligi: 15 msimu wa 2022/23, kisha 8, kisha 3. Mpira wake haukuharibika, ila kazi yake imerudi nyuma, na kifundo kilimweka nje mwanzoni mwa 2024/25. Nasema aachwe mpaka zamu ya saba au ya nane. Martinelli alipata 15 katika ule msimu wa 2022/23, tangu hapo hakufikia 10. Siku hizi mara nyingi huingia dakika za mwisho, na mchezaji anayecheza chini ya dakika 60 hupata pointi 1. Bao lake la kusawazisha dhidi ya Manchester City Septemba 2025 lilitupigisha kelele sote, lakini kelele hazina safu katika daftari. Trossard ni wa mwishoni, na si haba.

Eberechi Eze aliwatia Tottenham mabao 3 tarehe 23 Novemba 2025, Arsenal wakashinda 4–1. Jumapili hiyo mwenye Eze alitembea kama waziri. Mimi nangoja nione. Mabao matatu ya siku moja ni mazuri, lakini ni siku moja. Zubimendi ni mchezaji wa kuwafurahisha walimu wa mpira, hana pointi nyingi.

Amebaki Viktor Gyökeres, na hapa napungukiwa na ukali wangu kidogo. Alikuja na sifa ya mabao 39 katika ligi ya Ureno msimu wa 2024/25. Uingereza alianza kwa mawili dhidi ya Leeds, na kufikia mechi ya Burnley, tarehe 1 Novemba, alikuwa na manne katika ligi. Manne hayo kwa mechi 10 ni pointi 16 za mabao, wala hayatishi. Lakini hesabu ya drafti humtetea. Twahitaji mafowadi 24, na timu ni 20, nyingi zikiweka fowadi mmoja tu mbele. Maana yake mafowadi wanaocheza huisha kabla watu hawajashiba, na wa mwisho huambulia wakaa benchi. Kwa hiyo mtu asimcheke aliyemchukua Gyökeres zamu ya nne. Amcheke aliyemchukua zamu ya kwanza. Kanuni yadai fowadi mmoja tu katika 11 wanaoanza, na yaruhusu mabeki 5. Wengi wetu huanza na mafowadi watatu kwa aibu tu, wasije wakaitwa waoga.

Wakubwa zetu fulani hutuambia kwamba mchezo huu si mpira, kwamba wao waliwajua wachezaji kwa kuwaona Nakivubo. Waliomwona Philip Omondi wa KCC, aliyekuwa miongoni mwa wafungaji wakuu wa Kombe la Afrika mwaka 1978 Uganda ilipofika fainali huko Accra, wana haki ya kujivuna. Lakini nawauliza: beki aliyecheza nyuma ya Omondi katika KCC jina lake nani? Mzee mmoja nilipomwuliza alikuna kichwa muda mrefu. Daftari letu lingemtaja.

Basi kwa ndugu wa kidato cha 5 watakaoketi kuchagua tena, ushauri wangu juu ya Arsenal ni huu. Mwenye nafasi ya 1 asichague Arsenal kabisa. Akifika 16 na 17 amtwae Gabriel na Rice pamoja, kama wamebaki. Mwenye nafasi ya 8 huchagua ya 8 na ya 9 mfululizo: Gabriel awe mmoja wao. Saka ni wa yule atakayemkuta baada ya hao wawili. Zamu ya tano au ya sita, beki wa pili wa Arsenal, Saliba au Timber, kwa kuangalia nani mzima siku hiyo.

Beki wa pili, nasema, wala si wa tatu. Tarehe 8 Novemba 2025 Arsenal walikwenda Sunderland wakatoka 2–2, na bao la pili liliingia dakika za majeruhi. Mmoja wetu alikuwa na mabeki watatu wa Arsenal. Alikuwa akitazamia 18. Kila mmoja alipata 2 za kucheza, akakatwa 1 kwa mabao mawili. Jumla, kwa watu watatu, pointi 3. Aliyerithi timu ile ni kijana wa kidato cha 5 mwenye kitanda karibu na mlango, naye amekwisha kuuliza fagio hukaa wapi.